Mwewe wa Mlangoni na Dodoki la Msellem

Hapo zamani, katika mji wa Mkungumo, palikuwa na Sultani jina lake Mwinyihija, na Sultani huyo ndiye aliyekuwa pia mfanyabiashara mkubwa wa mji, jambo lililomrahisishia kazi sana, kwa kuwa siku aliyotaka kupandisha bei ya samli hakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa. Kahawa ikiingia mjini iliingia kwa mlango wake, sabuni ikitoka ilitoka kwa mlango wake, na juu ya mlango huo palitundikwa ubao mpana wenye chapa ya nyumba yake. Chapa hiyo ilikuwa ni mwewe mweusi, kayatanua mabawa, jicho kali, miguu kaikita juu ya mawindo. Mwewe huyo alipigwa kwenye kila gunia na kila mtungi, na kwenye ngao za askari pia. Watu wa Mkungumo hawakusema nipe kahawa, walisema nipe ya Mwewe, na askari walipokwenda kumnyang'anya mtu mbuzi wake walikuwa wakipaza sauti, "Mwewe! Mwewe!" na mtaa mzima ukafunga milango.

Basi ubao ule uliheshimiwa kuliko watu wengi niwajuao. Kila Alhamisi jioni mtumishi alipanda ngazi na chetezo, akaufukiza udi na ubani mpaka moshi ukajaa barazani, kisha akaupaka mafuta ya ufuta kwa kiganja, taratibu, huku akiuombea dua. Desturi hiyo aliianzisha baba yake Sultani kwa kumtukuza babu, mwasisi wa nyumba, aliyeuchora ubao huo kwa mkono wake mwenyewe. Kuupangusa ilikuwa mwiko. Mtumishi mmoja aliwahi kuufuta vumbi kwa ncha ya kilemba, akachapwa, na tangu siku hiyo hata buibui walijenga humo kwa raha zao.

Ikawa siku moja Sultani Mwinyihija akaalikwa harusini katika mji wa jirani, na huko akakuta chapa ya mwenyeji wake imefanywa upya: tausi wa samawati na dhahabu, anang'aa hata macho yanauma. Sultani alikula pilau ya watu lakini haikumshuka. Aliporudi akamtazama mwewe wake, akamwona mzee, akamwona mnyonge, akaona haya kama kwamba ametoka nje na kanzu iliyotoboka. Hakulala vizuri tena.

Basi akamwita mtu mmoja kutoka ng'ambo, jina lake Zubeiri, aliyejiita Mjuzi wa Alama. Huyu bwana alikuja na mito yake ya kuegemea na mpishi wake, akakaa barazani mwa Sultani akila vizuri na kuutazama ubao. Alipokwisha kunenepa kidogo, akanena mbele ya baraza, "Maulana, chapa ni roho ya nyumba. Mabawa yaliyotanuka ni himaya. Miguu iliyosimama imara ni uthabiti. Jicho lisilopepesa ni hekima ya mwenye nyumba. Roho hiyo isiguswe. Lakini kila kitu kibadilishwe."

Sultani akauliza, "Kibadilishwe na kisiguswe?"

"Hapo ndipo penye ufundi, maulana," akajibu Zubeiri, na wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa heshima, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hakuelewa.

Sultani akalipenda neno hilo, na kutokana nalo akatunga masharti yake matatu, akayatangaza kwa mbiu. Sharti la kwanza, chapa iwe mpya, ambayo hakuna jicho la mtu aliye hai limepata kuiona. La pili, babu yake marehemu lau angefufuka na kupita mlangoni, aseme pale pale, hii ni yangu. La tatu, rangi zake zisitoke katika chungu cha mchoraji yeyote wa mji huu wala wa mji mwingine, maana rangi za vyungu hivyo kila mtu keshaziona. Kazi hiyo akapewa Vuai, mchoraji wa nyumba ya Sultani, mtu mpole aliyekuwa amemchora mwewe yule yule kwenye magunia tangu alipobalehe.

Masikini Vuai akajitahidi. Alipoleta mwewe mwenye shingo ndefu na mabawa ya mviringo, Sultani akasema, "Huyu babu yangu hamjui." Alipoleta mwewe aliyefanana na wa zamani, Sultani akasema, "Huyu mjini wote wanamjua." Na alipouliza kwa adabu rangi ataitoa wapi ikiwa vyungu vyote vimeharimishwa, Zubeiri akacheka kwa pua, akasema, "Hilo si swali la fundi, hilo ni swali la mtu mvivu." Sultani akakasirika. Akaamuru Vuai afungwe, na msafara wa bara utakapoondoka apelekwe nao, akaachwe nchi ya mbali asikorudi mtu. Msafara ulikuwa umekwisha kufunga mizigo yake.

Sasa, mke wa Vuai, Mwanaima, alikuwa na kaka yake jina lake Msellem, na huyo ndiye tunayemtafuta. Msellem hakuwa na kazi, hakuwa na shamba, hakuwa na hata kofia ya kumstiri siku ya Idi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye baraza za watu na kusema maneno ambayo wenye nyumba waliyacheka kwanza na kuyaogopa baadaye. Wengine walimwita mwenda wazimu, wengine walimwita mtu mwenye akili, na yeye aliitikia yote mawili ikiwa chakula kimekwisha kupakuliwa. Chakula chenyewe alikula kwa Vuai, mchana na jioni, na Vuai hakupata kumwonyesha uso mbaya hata mara moja.

Basi siku ile Msellem akaingia uani kwa dada yake, akamkuta amechutama anasugua sufuria kwa jivu, ndimu na dodoki, analia huku anasugua, na machozi yanaingia humo humo.

"Kaka Msellem," akasema Mwanaima bila kuinua kichwa, "mume wangu wanamchukua. Wewe unayewachekesha wakubwa, leo huna la kusema?"

Msellem akasogea karibu naye. Moyo ulimuuma kweli, maana alimpenda shemeji yake, na tumbo nalo lilimuuma, maana lilikuwa linafikiri mbele. Akatazama chini, akaiona sufuria inang'aa.

"Hii sufuria mpya umeipata wapi?" akauliza.

"Mpya gani? Una kichaa? Hii si ile ya mama!" akasema Mwanaima kwa hasira. "Hii ilikuwa imegandwa na masizi tu. Hebu nipishe."

Msellem akaitazama tena sufuria. Kisha akamnyang'anya dada yake dodoki mkononi, likiwa bado linachuruzika maji, akachota jivu akalifunga kwenye pindo la shuka, akaokota ndimu zilizobaki, akatoka mbio. Mwanaima akamfuata mpaka mlangoni akimtukana, kwa kuwa alidhani sasa hata huyu mmoja aliyebaki amerukwa na akili.

Alifika barazani Sultani ameketi, Zubeiri yuko kuliani kwake, na wakubwa wa mji wamejipanga. Msellem akapiga goti, akasema, "Sabalkheri, maulana. Nimekuja kufanya chapa."

Watu wakacheka. Sultani naye akatabasamu, maana alimjua. Akanena, "Ewe Msellem, wewe hata mstari ulionyooka huwezi kuchora."

"Kweli, maulana. Ndiyo maana sitachora."

"Na masharti yangu umeyasikia?"

"Nimeyasikia yote matatu, na nikiyatimiza naomba shemeji yangu afunguliwe leo hii, arudi kwake. Nikishindwa, nifunge naye, tuende bara wawili. Angalau njiani atakuwa na mtu wa kumchosha kwa maneno. Ila nami nina sharti langu moja: nikishaanza, mtu asinishike mkono mpaka nimalize."

Zubeiri akainama sikioni mwa Sultani, akasema hakuna hatari, mwache mjinga ajifunge mwenyewe. Basi Sultani akainua mkono wake, akaapa kwa jina la babu yake mbele ya wote kwamba hakuna atakayemzuia Msellem mpaka kazi iishe, na kwamba masharti yakitimia Vuai yu huru. Wakubwa wakashuhudia.

Msellem akasema, "Ahsante, maulana." Akaenda akatwaa ngazi ya mtumishi wa chetezo, akaiegemeza mlangoni, akaagiza ndoo ya maji, akapanda. Akakamua ndimu juu ya dodoki, akalichovya kwenye jivu, na kabla watu hawajafahamu anafanya nini, akaanza kumsugua mwewe.

Ilipigwa kelele siku hiyo! Mtumishi wa chetezo akaanguka chini kama aliyefiwa. Wazee wakashika ndevu. Askari wakachomoa panga, na Sultani mwenyewe akasimama na rangi imemtoka usoni, lakini kiapo kilikuwa kimetoka kinywani mwake dakika ile ile, tena kwa jina la babu, na kelele zilikuwa zimewakusanya watu wa mji mzima barabarani. Akaketi tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni."

Maji meusi yakateremka ukutani. Yalikuwa mazito kama lami, yananukia udi wa vizazi. Msellem alianzia juu, penye anga, na hapo ikatokea rangi ya manjano safi ya embe bivu, ambayo kwa hakika hakuna aliyepata kuiona mlangoni pale. Watu wakaguna kwa mshangao. Sultani akanyoosha shingo. Hata Zubeiri akakiri kwamba manjano ile ina heshima.

Msellem akafurahi, akasugua kwa bidii. Yeye hesabu yake ilikuwa fupi tu: chini ya moshi yupo mwewe wa babu, msafi, ambaye walio hai hawamjui na babu anamjua, na rangi zake zilitoka katika chungu kilichokwisha kuvunjika zamani. Hakuwa na zaidi ya hayo kichwani. Basi akashuka mpaka kwenye kichwa cha ndege, akasugua, na kikatokea kishungi chekundu.

Msellem akasita. Akasugua tena, polepole, akitumaini kishungi kitatoka. Hakikutoka. Chini yake ukatokea mdomo mfupi mnene, usiofaa kurarulia kitu, ila kudonolea punje ya mtama. Akashuka penye kifua, akakuta manyoya ya madoadoa. Alitamani kuukamua ule moshi kutoka kwenye dodoki na kuupaka tena ubaoni, lakini ulikuwa umekwisha kwenda na maji.

Akageuka juu ya ngazi, akasema, "Maulana, nadhani hapa panatosha. Sehemu ya chini haipendezi sana."

"Endelea," akasema Sultani, ambaye kutoka alipoketi aliona wekundu tu na alidhani ni damu ya mawindo.

"Maulana, mkono umeniuma."

"Nimesema endelea!"

Basi akaendelea, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Akasugua yale mabawa yaliyotanuka, akasugua ile miguu, na hatimaye akafika kwenye mawindo, ambayo tangu siku za baba yake Sultani watu walikuwa wakibishana kama ni sungura au nyoka. Hayakuwa sungura wala nyoka. Yalikuwa ni vifaranga, rangi ya krimu, vimejibanza chini ya mabawa ya mama yao, na kimoja kimetoa kichwa nje kinawatazama watu wa Mkungumo. Msellem akamwaga maji ya mwisho, akashuka, akasimama kando. Juu ya mlango wa Sultani Mwinyihija alikuwa amekaa kuku.

Mahali fulani nyuma ya umati mtu mmoja akakohoa, na kikohozi chake kilifanana sana na kicheko.

Sultani akanena, na sauti yake haikuwa nzuri, "Ewe Msellem, umenifanya kuku mbele ya raia zangu."

"Maulana, mimi sikuchora," akasema Msellem. "Niliahidi sitachora."

"Babu yangu alikuwa shujaa! Babu yangu aliteka mji huu kwa upanga! Atachoraje kuku?"

Hapo ikasikika sauti kutoka dirishani, na kila mtu akainua macho. Alikuwa Bibi Mwanamize, shangazi yake Sultani, binti wa mwisho wa huyo mwasisi, mwanamke mzee sana ambaye watu wa ndani walikwisha kumzoea kuwa hanyamazi na hasikilizwi. Alikuwa anacheka mpaka ameshika fremu ya dirisha.

"Upanga gani, mwanangu?" akasema. "Baba yangu alikuwa muuza mayai. Akizunguka na tenga mlango kwa mlango. Mama aliniambia hayo kwa kunong'ona, maana marehemu baba yako alikwisha kutukataza. Mimi nilipopata akili ubao ulikuwa mweusi tayari, nikaambiwa ni mwewe, nikasema haya, mwewe. Lakini muuza mayai achore mwewe kwa nini? Atamtangazia mwizi wake?"

Umati ukashindwa kujizuia. Kicheko kikaanza mbali kikaja karibu, na mmoja wa askari akaigeuza ngao yake taratibu akaitazama, kisha akaificha mgongoni.

Sultani akamgeukia Zubeiri kama mtu anayezama, akasema, "Wewe ndiye Mjuzi wa Alama. Sema neno."

Zubeiri hakuwahi kukosa neno maishani mwake. Akasimama, akarekebisha joho lake, akanena, "Maulana, chapa ni roho ya nyumba. Tazama, mabawa yaliyotanuka ni himaya. Miguu iliyosimama imara ni uthabiti. Na jicho lisilopepesa ni hekima ya mwenye nyumba."

Sultani akamtazama. Akamtazama tena kuku. Akakumbuka mito, akakumbuka mpishi, akakumbuka kuku wangapi huyu bwana amekwisha kula kwake akiwa anafikiri. Uso wake ulikaza, ukalegea, ukakaza, na wote waliokuwepo waliona wazi kwamba hapa huenda mtu akakatwa kichwa. Kisha kicheko kikamtoka. Alicheka Sultani Mwinyihija, alicheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani, na alicheka kwa uchungu kidogo, kama achekavyo mtu aliyejitambua kwenye kioo cha watu.

Alipopata pumzi akasema, "Hakuna aliye hai aliyeiona. Haya. Babu yangu angeijua, maana aliichora. Haya. Na rangi hizo hazikutoka chungu cha mchoraji yeyote, maana babu alikuwa muuza mayai. Umenifunga, Msellem. Mfungueni mchoraji. Na huyu bwana wa mabawa, kwa kuwa msafara wa bara una nafasi moja iliyobaki wazi, mpandisheni yeye."

"Na mimi, maulana?" akauliza Msellem.

"Wewe nikupe nini? Nikikupa kazi utanifua na mimi. Chukua tenga la mayai, uende zako."

Basi ikawa hivyo. Chapa ikabaki kuwa kuku, kwa kuwa hata Sultani hakuweza kuwaambia watu wasahau walichokiona, na ngao zote zikachorwa upya. Hapo ndipo ilipotokea shida ambayo hakuna aliyeitarajia. Askari walikwenda kwa mjane mmoja kuchukua mbuzi wake kama desturi, wakasimama mlangoni, wakafungua vinywa kupaza sauti, wakakuta hawajui wapaze nini. Mjane akaitazama ngao, akawatazama wao, akauliza kama wamekuja kutaga. Wakarudi bila mbuzi. Na Sultani, alipoona hawezi tena kuwatisha watu, akalazimika kuwatendea vizuri, na wanasema mwishoni alikwisha kuzoea.

Ama Vuai, jioni ile ile alirudi kwake na Msellem nyuma yake kabeba tenga. Mwanaima akamshika mumewe mikono yote miwili, akalia, akacheka, akalia tena, kisha akaweka mayai jikoni. Lakini Vuai hakutaka kula. Alikaa kwenye kinu kilicholala, kichwa mikononi, mwenye haya nyingi.

"Maisha yangu yote," akasema, "nimemchora mwewe. Nimenakili kila unyoya kama nilivyouona. Na kumbe ni kuku, nami fundi sikujua. Mke wangu, nitawatazamaje watu?"

Mwanaima akageuza mayai motoni, akitafuta namna ya kulisema.

"Mimi nilimwona kuku tangu mwaka ule tulipooana," akasema. "Kila gunia. Lakini nilidhani ni wewe usiyejua kuchora mwewe, nikaona nisikuvunje moyo."

Na hapo ndipo ninapokunja jamvi langu.